Tomcat ya juu ya sitaha: ni ndege kweli, na ikitiwa mafuta itaruka?

Msomaji wetu anayeishi San Diego, California, anauliza: "Wataalamu, habari za kazi. Nilipanda meli ya makumbusho ya USS Midway na wanangu wawili kutazama ndege za zamani za jeshi la majini. Tulikaa sana chini ya ile F-14 Tomcat. Mwanangu mdogo akaniuliza kama ni ndege kweli au ni sanamu, na kama ikijazwa mafuta itaruka. Mimi nikabaki na swali langu. Sisi tuliokulia Mombasa tunajua chumvi inavyokula mabati. Ile ndege iko nje, juu ya bahari, mwaka nenda mwaka rudi. Mbona haijaoza? Na yale mabawa, kwa nini kwenye picha nyingine yametanuliwa na nyingine yamerudishwa nyuma kabisa?"

Ndugu yetu, anza na mdogo. Mwambie ni ndege kweli. Haikuundwa kwa ajili ya maonyesho; ilitoka katika kiwanda cha Grumman, Long Island, New York, ikiwa moja kati ya Tomcat 712 zilizotengenezwa. Ya kwanza kabisa iliruka tarehe 21 Desemba 1970, na Jeshi la Majini la Marekani liliziaga rasmi tarehe 22 Septemba 2006. Jambo moja tu linafaa kusahihishwa, kwa sababu wageni wengi hushuka melini wakiamini vinginevyo: Tomcat hazikuwa ndege za Midway. Meli hiyo ya kubebea ndege iliingia kazini Septemba 1945 na ilikuwa ndogo mno kwa kikosi cha ndege nzito kama hizi. Ilibeba F-4 Phantom hadi 1986, kisha F/A-18 Hornet, ikastaafu 1992. Tomcat iliwekwa pale ili mgeni aione familia yote ya ndege za majini mahali pamoja.

Kuhusu kuruka, jibu ni hapana, hata ukiijaza mafuta hadi yamwagike. Ndege ya kivita haikabidhiwi makumbusho ikiwa kama ilivyotua. Huvuliwa kwanza, na mpangilio wa kuivua una sababu zake.

Kinachotoka mwanzo ni baruti, na siyo ya makombora peke yake. Kiti cha rubani cha Tomcat kina fataki na roketi za kumrusha yeye na kiti chake nje. Kioo cha juu kina baruti yake ya kukitupa kabla kiti hakijatoka. Mitungi ya kuzimia moto ndani ya vyumba vya injini nayo hufunguliwa kwa fataki ndogo. Zote hizi huishi miaka mingi zikiwa zimelala, na kuzeeka hakuzifanyi ziwe salama. Ndiyo maana kiti hufunguliwa na fundi mwenye cheti cha kazi hiyo, fataki zikatolewa moja moja na kuhesabiwa, na mpini wa kuvuta wenye mistari ya njano na nyeusi ukaachwa ukiwa hauna kazi. Makumbusho yoyote yanayopokea ndege yenye viti hupaswa kudai hati inayoonyesha kila fataki ilitoka lini na nani aliitoa. Kiti kisicho na hati hakiketiwi na mtu, hata kwa picha ya dakika moja.

Baada ya baruti hufuata gesi na vimiminika. Ndani ya ndege kuna chupa za naitrojeni zenye shinikizo kubwa, za kushusha magurudumu wakati wa dharura na za kufungua kioo. Mfumo wa hidroliki, yaani wa oili inayosukumwa na pampu, ulifanya kazi kwa shinikizo la pauni 3,000 kwa inchi ya mraba, na vihifadhi vyake vinaweza kubaki na nguvu hata pampu zikiwa zimenyamaza kwa muda mrefu. Fundi akifungua kiungo bila kutoa shinikizo kwanza, oili hutoka kama sindano na kupenya ngozi. Mafuta ya injini nayo humwagwa. Tomcat ilibeba takriban tani 7 za mafuta ndani ya mwili na mabawa yake, na tangi lililomwagwa bado lina mvuke unaoweza kulipuka, kwa hiyo huachwa wazi likapigwa na hewa kabla ya chombo chochote cha cheche kusogezwa karibu.

Mwisho hutolewa vifaa: rada, redio, vifaa vya kutambulishana angani, na mara nyingi injini zenyewe. Katika ndege nyingi za makumbusho, kinachoonekana nyuma ni midomo ya kutolea moshi tu, imefungwa kwa boliti, na nyuma yake ni utupu. Hapo kuna hesabu ambayo isipofanywa huleta aibu. Injini moja ya TF30, ya toleo la kwanza la Tomcat (F-14A), ina uzito wa takriban kilo 1,800, na iko nyuma. Rada ya AWG-9 ilikuwa na uzito wa zaidi ya nusu tani, nayo iko puani. Ukitoa vya puani ukaacha vya nyuma, mizani inahama. Siku ya upepo, au siku watu wawili wakipanda mkiani kusafisha, pua inaweza kuinuka na ndege ikakalia mkia. Dawa yake ni kuweka uzito puani, kufanya hesabu upya kila kitu kizito kinapotoka, na kuifunga ndege kwa minyororo kwenye sitaha.

Kwa Tomcat kuna sababu nyingine ya kuivua, nayo ni ya kisiasa. Nchi pekee ya nje iliyouziwa ndege hii ni Iran. Iliagiza 80 na kupokea 79 kabla ya mapinduzi ya 1979, kisha ikanyimwa vipuri. Ndege zilipostaafu Marekani, kila pampu na kila boliti ya Tomcat ikawa bidhaa ya magendo. Mwaka 2007 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilisimamisha uuzaji wa vipuri vyake, na Tomcat nyingi zilizokuwa zimehifadhiwa jangwani Tucson, Arizona, zikasagwa vipande vipande. Sheria iliyofuata ilipiga marufuku uuzaji wa vipuri hivyo, lakini ikaacha mlango kwa makumbusho ya ndani ya Marekani. Kwa hiyo ile mliyokaa chini yake ni miongoni mwa chache zilizonusurika, na imenusurika kwa sharti la kutoruka. Safari ya mwisho ya Tomcat ya Marekani ilikuwa Oktoba 2006, kuipeleka ndege moja Farmingdale, New York, irudi karibu na kiwanda kilichoizaa.

Tuseme sheria haipo na pesa zipo. Bado isingekuwa kazi ya kutia mafuta. Zilipokuwa zimezeeka kazini, Tomcat zilitajwa kuhitaji saa 40 hadi 60 za mafundi kwa kila saa moja ya kuruka, na hapo kulikuwa na meli nzima ya mafundi na ghala la vipuri. Ndege iliyosimama miaka kumi na zaidi huwa na mipira iliyokauka kwenye kila kiungo cha hidroliki, nyaya zenye ngozi iliyopasuka ndani ya mwili wake, na nyufa za uchovu wa chuma ambazo macho hayazioni. Uchovu huu ndio unaostaafisha ndege. Kila mara ilipovutwa na manati ya meli, yaani mtambo wa kuirusha kutoka sitahani, na kila mara ilipodakwa na waya wa sitahani kwa kasi ya takriban kilomita 240 kwa saa ikasimama ndani ya mita 100 hivi, chuma kilihesabu.

Sasa mabawa, maana hayo ndiyo fahari ya ndege hii. Angani bawa lilitoka nyuzi 20, yaani limetanuliwa, hadi nyuzi 68, yaani limelazwa nyuma. Likitanuliwa, ndege ina upana wa mita 19.5 na inaweza kupaa na kutua polepole. Likilazwa, upana unashuka hadi mita 11.6 na ndege inapita kasi ya sauti bila kupambana na hewa. Rubani hakulazimika kulisogeza. Kompyuta ndogo iliyopima kasi na kimo ililipeleka yenyewe kwenye pembe inayofaa. Chipu zake, kazi ya wahandisi Steve Geller na Ray Holt, zilikamilika 1970 na zikabaki siri hadi 1998, na wapo wanaozitaja kuwa miongoni mwa prosesa ndogo za mwanzo kabisa duniani.

Pembe mliyoiona kwenye picha nyingine, mabawa yakiwa yamerudi hadi kuulalia mkia, ni nyuzi 75, na ni ya kuegesha tu. Inapunguza upana hadi mita 10 hivi ili ndege nyingi zitoshe kwenye sitaha. Ndege nyingine za majini hukunja ncha za mabawa kwenda juu. Tomcat haikuhitaji bawaba hizo kwa kuwa bawa zima linageuka. Linageukia kwenye boksi la titani, metali nyepesi na imara, lililopita kati ya mabawa mawili, lililounganishwa kwa miale ya elektroni ndani ya chumba kisicho na hewa, kwa sababu titani ikichomelewa penye hewa hugeuka kuwa kama kigae. Mabawa yanasukumwa na skrubu ndefu zinazozungushwa na mota za hidroliki, na shafti moja inaziunganisha ili bawa moja lisiache lingine nyuma. Kwenye makumbusho hakuna hidroliki. Pembe iliyochaguliwa siku ndege inawekwa ndiyo itakayobaki, labda kwa miaka 20, kwa hiyo msimamizi makini hupima kwanza nafasi aliyonayo, njia ya wageni, na mahali maji ya mvua yatakapokimbilia.

Hilo la maji linatupeleka kwenye swali lako la chumvi, na umeuliza penyewe. Inaoza, ndugu yetu. Inaoza polepole kwa sababu kuna watu wanaizuia kila wiki.

Alumini haitoi kutu nyekundu kama bati la Mombasa. Inatoa unga mweupe, mlaini kama unga wa muhogo, na unga huo huanzia mahali pamoja karibu kila mara: pembeni mwa skrubu. Umewahi kuona dirisha la alumini katika nyumba ya pwani lililofungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida? Baada ya miaka michache alumini iliyozunguka kila skrubu imeliwa. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati yake pakawa na maji ya chumvi, zimekuwa betri. Moja inaliwa ili nyingine isalimike, na katika ndoa ya alumini na chuma anayeliwa ni alumini. Tomcat ni ndoa ya namna hiyo kila mahali. Ngozi yake ni alumini, skrubu ni chuma kilichopakwa metali ya kadmiumu, mabawa yanashikiliwa na titani, na karibu robo ya muundo wake ni titani. Ilipokuwa mpya kila mguso ulikuwa na rangi na sili, yaani kizibo cha kuzuia maji, katikati. Sili ikikauka na kupasuka, betri inaanza kufanya kazi.

Ubaya wa pili unajificha zaidi. Alumini ngumu ya ndege ni kama mbao, ina tabaka. Chumvi ikiingia ukingoni inapita kati ya tabaka na kuzivimbisha, hadi kipande kinafunuka kama chapati ya kusukuma. Ukiona rangi imeinuka kama lengelenge kwenye ukingo wa kipande kinene, usilibonyeze ukaridhika. Chini yake alumini inaweza kuwa imebaki nusu.

Watunzaji wanafanya nini? La kwanza ni maji baridi yasiyo na chumvi, mara kwa mara. Ndege ya nje, kando ya bahari, inahitaji kusuuzwa walau kila wiki mbili, na kuoshwa kwa sabuni isiyo kali kila baada ya miezi michache. Sabuni hupakwa kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu ikianzia juu hutiririka kwenye rangi kavu na kuacha michirizi isiyotoka. Kusuuza ndiko kunakoanzia juu. Kazi ifanyike asubuhi, kabla jua halijaikausha sabuni. Mashine ya maji ya shinikizo kubwa iachwe kwenye gari. Kwenye ndege inasukuma maji ya chumvi ndani ya mishono, mahali ambapo hayatatoka tena.

Halafu matundu ya chini. Kila ndege ina vitundu vya kutolea maji tumboni, vidogo kiasi cha ncha ya kalamu. Vikiziba, mvua inabaki ndani kama maji kwenye mtungi, na kuoza kunaanzia upande usioonekana. Huzibuliwa kwa kijiti cha mti au cha plastiki. Ukitumia waya wa chuma unakwangua rangi ya ndani na kuacha mlango wazi.

Kosa tunalolionya zaidi kwa kila anayetunza ndege ya nje linatokana na nia njema kabisa. Mtu anaona ufa kati ya mabamba mawili, ananunua bomba la silikoni dukani na kuziba kila anachokiona, vitundu vya tumboni pamoja navyo. Makosa ni mawili. Maji yaliyokuwa yakitoka yamefungiwa. Na ile silikoni inayonuka siki inapokauka inatoa asidi ya siki yenyewe, inayoanza kuila alumini chini ya kizibo kilichokusudiwa kuilinda. Sili ya ndege ni ya aina nyingine, na hupakwa upande wa juu tu, pale maji yanapoingilia. Upande wa chini huachwa upumue. Ndani, penye giza, hupulizwa mafuta yenye nta yanayotambaa kwenye viungo na kusukuma maji nje.

Kupaka rangi upya kunaonekana rahisi, kumbe ndiko kwenye hatari kwa afya. Chini ya rangi ya kijivu kuna rangi ya msingi ya kijani au njano yenye kromati, na vumbi lake husababisha saratani. Haisuguliwi kwa msasa mkavu. Hulowanishwa, msuguaji avae barakoa ya kichujio, na maji machafu yakusanywe yasifike baharini. Mkiani ndipo panapotaka uangalifu zaidi: ngozi za mkia wa mlalo wa Tomcat ni za nyuzi za boroni zilizoshikwa kwa gundi, ndege ya kwanza kuundwa kwa wingi na kipande cha namna hiyo. Nyuzi zake ni ngumu na kali. Kijiti kimoja kikiingia kidoleni ni kazi ya daktari. Hapatobolewi, hapasuguliwi hadi kwenye nyuzi.

Mabamba mengi ya Tomcat yana ndani yake sega la alumini, jembamba kama karatasi, kama sega la nyuki kabisa. Maji yakiingia humo hayatoki. Namna ya kuyapima ni ya kizamani na haina mbadala wa bei nafuu: unagonga kwa sarafu, hatua kwa hatua, na kusikiliza. Penye uzima sauti ni kavu na fupi. Penye gundi iliyoachia sauti inakuwa nzito, imefifia, kama mtungi wenye ufa. Unaweka alama kwa chaki na kupiga picha, na mwaka unaofuata unagonga tena kuona kama alama imepanuka.

Magurudumu nayo. Melini tairi za Tomcat zilijazwa upepo zaidi ya pauni 300 kwa inchi ya mraba, mara kumi ya gari lako. Kwenye makumbusho shinikizo hilo ni hatari bila faida, kwa hiyo hupunguzwa, na uzito hubebwa na vigingi vya chuma chini ya miguu. Shokapu hupoteza gesi yake taratibu na kuzama, mara nyingi mguu mmoja kabla ya mwingine, ndege ikainama upande na maji yote ya mvua yakakimbilia bawa moja. Kinga ni bangili za chuma zinazofungwa kwenye nguzo ya shokapu isiweze kushuka. Pima urefu wa nguzo zote mbili kwa rula siku ya kuzifunga, na uandike.

Mkirudi Midway, msianze na pua. Nendeni mkiani, chini kati ya injini, mkaitazame ndoano iliyokuwa ikinasa waya wa sitahani. Mwonyeshe mdogo kwamba ndege yote, zaidi ya tani 20 siku ya kutua, ilisimamishwa na chuma hicho kimoja. Kisha nendeni kwenye gurudumu la mbele. Lina matairi mawili, na mbele yake kuna mkono mfupi wa chuma uliokuwa ukiinamishwa na kushikwa na manati. Kabla ya kurushwa, mguu huo ulijikunja na ndege ikapiga goti, pua chini, kama ngamia anayesubiri kupakiwa. Nyuma, karibu na mkia, tafuteni namba ya tarakimu sita iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Hiyo ndiyo namba yake ya kuzaliwa, haibadiliki hata rangi ikipakwa ya kikosi kingine. Iandikeni, kwa namba hiyo mtaweza kujua ilihudumu vikosi gani na ilitua mara ya mwisho lini.

Na wewe uliyekulia pwani, piga magoti utazame skrubu za tumboni. Ukiona duara jeupe kuzunguka kichwa cha moja, mwite mmoja wa wazee wa kujitolea wanaoongoza wageni pale, umwonyeshe kwa kidole bila kuigusa. Wengi wao waliwahi kurusha au kutengeneza ndege za majini. Atakushukuru, na pengine Jumatatu fundi atapita na brashi yake.